UZI: Monita ya kufanyia dizaini ukiwa Lamu. Tazama rangi kabla ya kutazama inchi

#1 – Mchoraji wa Langoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau.

Hapa mjini sasa tuko wengi tunaokula kwa michoro: kadi za harusi, mabango ya Maulidi, vibao vya nyumba za wageni, menyu za mikahawa ya Shela, michoro ya leso. Na kila wiki kuna kijana ananiuliza, "Ninunue monita gani?" Akishasema hivyo anaongeza, "Nimeona ya inchi 27." Sijapata hata mmoja aliyeanza kwa rangi. Basi nimeamua niandike hapa kwa kirefu, nisirudie barazani kila siku.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa Mkomani, anamwoza bintiye wa mwisho. Alikuja na leso aliyoihifadhi miaka mingi, akaitandaza juu ya meza yangu. Damu ya mzee, ile iliyokolea, yenye uzambarau kwa mbali. "Mwanangu, kadi nazitaka rangi hii hii." Nikakaa usiku nikilinganisha kitambaa na kioo mpaka vikafanana kabisa. Kadi mia mbili zikapigwa chapa Mombasa, zikapanda basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti. Nilipofungua boksi nikakuta hudhurungi. Rangi ya makumbi ya nazi. Yule mama alizitazama, akaigeuza moja, akaniuliza taratibu, "Ndizo hizi?" Nilizichapisha upya kwa pesa zangu.

Siku mbili tatu nilimlaumu mpiga chapa. Kisha nikalifungua faili lile lile kwenye monita ya rafiki yangu, nikaona hudhurungi ile ile. Mpiga chapa alikuwa amechapa nilichomtumia. Kioo changu ndicho kilichonidanganya.

Kilinidanganya vipi? Weupe wake ulikuwa umeegemea buluu. Monita nyingi hutoka dukani hivyo kwa sababu weupe wa kibuluu huonekana msafi ukiwa kwenye rafu. Kwa hiyo kila nilichokiona kilikuwa na buluu ya ziada ambayo haimo kwenye faili. Nikiona uzambarau wa kutosha, najizuia kuuongeza, na karatasi ikipigwa chapa uzambarau haupo. Juu ya hayo mwangaza nilikuwa nimeuacha kwenye 100. Kioo kikiwaka mno, mkono wenyewe unakwenda kuitia picha giza, na chapa inatoka nzito, imeiva kupita kiasi.

Kosa la tatu lilikuwa aina ya paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachochora picha, na hapa naomba tutulie kidogo. Monita yangu ilikuwa TN. Paneli za TN ni rahisi kutengeneza, lakini rangi yake hubadilika ukiinamisha kichwa tu. Mimi nimekaa kwenye kiti naona damu ya mzee, mama wa watu amesimama nyuma ya bega langu anaona rangi nyingine, na kila mmoja anaitikia "sawa, sawa". Na ndivyo kazi yetu ilivyo: mteja hakai mbele ya kioo, husimama pembeni yako. Paneli ya IPS hutazamika kutoka pembe karibu zote, watengenezaji wanaandika digrii 178, na rangi haikimbii. VA iko katikati. Weusi wake ni mzito kuliko wa IPS, weupe ukiushinda weusi kiasi cha mara 3000, dhidi ya mara 1000 za IPS ya kawaida, kwa hiyo ni tamu kwa filamu, lakini pembeni rangi zake hufifia. OLED ina weusi kamili, ila bei yake ni nzito, na vitu visivyosogea kama menyu za programu, vikikaa pale pale miaka, vinaweza kuacha alama. Kwa kazi zetu, IPS. Hata ikiwa ndogo. Hata ikiwa ya mtumba.

Ukishapata IPS, uliza inafikia rangi kiasi gani. Kipimo cha kuanzia ni sRGB, kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na mpaka leo ndicho kinachotegemewa na mitandao, simu na programu nyingi. Tafuta iliyoandikwa sRGB 100% au karibu na hapo. Ukiona "72% NTSC" usishtuke, NTSC ni kipimo cha zamani cha rangi za televisheni, na hiyo 72% kwa ukubwa ni karibu sawa na sRGB nzima. Ukiona "45% NTSC" iache hapo hapo, kwani hiyo ni chini ya theluthi mbili za sRGB. Nyekundu itaonekana imepauka, nawe utaikoleza mpaka ichome macho ya wenzako. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha namna hiyo, ndiyo maana nasema usimalizie kazi ya chapa kwenye laptopu bila kuitazama kwingine.

Kisha kuna Delta E. Hicho ni kipimo cha umbali kati ya rangi iliyotakiwa na rangi iliyotoka. Kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo afadhali. Chini ya 2, jicho la kawaida halioni tofauti kwa urahisi. Monita zilizopimwa kiwandani huandikwa hivyo, na nyingine huja na karatasi ya vipimo ndani ya boksi.

Kwa atakayenunua mpya: ASUS ProArt PA248QV ni ya inchi 24.1, pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1200, sRGB 100%, Delta E chini ya 2. Ndugu yake PA278QV ni ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, rangi ni zile zile. BenQ wana safu ya PD, Dell wana UltraSharp. EIZO ColorEdge za Japani ni nzuri mno, nyingine zina kipima rangi ndani yake, lakini hiyo ni bei ya mashua.

Kwa mfuko wa wengi wetu, jibu ni zilizotoka maofisini ng'ambo, hizi tunazoziita ex-UK. Dell U2412M ya mwaka 2011 au HP Z24i, zote inchi 24, zote IPS, zote 1920 kwa 1200. Zile pikseli 120 za ziada kwenda chini, kuliko 1080 za kawaida, huzijui thamani yake mpaka uwe na kadi ya wima kwenye kioo, na vidude vya programu bado vinataka nafasi. Nilihamia kwenye moja ya hizo baada ya mkasa wa kadi, na ndiyo niko nayo mpaka leo.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

#2 – Kijana wa Mokowe

Shukran kaka. Mimi nimeona ya michezo ya kompyuta, inchi 27 iliyopinda, 1920 kwa 1080, hertz 165. Bei imeshuka. Nikiichukua nitakosea?

#3 – Mchoraji wa Langoni

Kwa dizaini, ndiyo, utakosea, na nitakueleza kwa nini ili usije ukadhani nakukataza tu.

Hertz ni idadi ya mara kioo kinavyojichora upya kwa sekunde. 60 inatosha kuchora herufi na maua. Hizo 165 hazikuongezei rangi hata moja. Kupinda nako: sisi tunapima mistari iliyonyooka, ukingo wa kadi, pindo la leso. Kwenye kioo kilichopinda, mstari ulionyooka unauona umelegea, unaanza kuukarabati na hauna kasoro.

Na ukubwa huo kwa pikseli hizo haulingani. Inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli 82 hivi kwa kila inchi. Inchi 24 yenye pikseli zile zile ina 92. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ina 109. Kwa hiyo ukitaka 27, nenda 1440, na ukibaki 1080, baki na 24. Kwenye hiyo yako, ukichora nakshi za kofia ya viua utaona ngazi ngazi pembezoni mwa kila mstari.

Lakini zipo monita za michezo zenye paneli nzuri ya IPS na sRGB kamili, siwezi kuzisema vibaya zote. Soma karatasi yake. Kama muuzaji hajui paneli ni ya aina gani, andika namba ya modeli iliyo nyuma uitafute mwenyewe.

#4 – Mpigapicha Malindi

Uzi mzuri, ila naona umeishia sRGB kana kwamba ndio mwisho wa dunia. Mimi napiga picha za hoteli na bahari. Kuna feruzi ya maji ya huku ambayo kwenye monita ya sRGB haipo kabisa. Ninaiona kwa macho, kamera imeichukua, kioo hakiwezi kuionyesha. Nilijua hivyo nilipotazama picha zangu kwenye monita ya Adobe RGB, kipimo kipana kuliko sRGB.

#5 – Mchoraji wa Langoni

Umesema kweli, na nakushukuru kwa kuleta hilo. Adobe RGB ilitoka mwaka 1998 na upana wake mkubwa uko hasa upande wa kijani na samawati. Tena kuna jambo watu hawalijui: wino wa samawati wa mashine ya chapa, ule safi bila kuchanganywa, unapita nje ya sRGB. Maana yake karatasi inaweza kutoa samawati ambayo kioo cha sRGB hakiwezi kuionyesha. Mtu wa vipeperushi vya bahari ana sababu ya haki ya kutafuta Adobe RGB. BenQ SW270C inafikia 99% yake.

Upande wa pili, ile buluu kali ya kwenye kioo, ya 0, 0, 255, haichapiki. Hugeuka zambarau karatasini. Hakuna monita itakayokuokoa hapo, ila programu inaweza kukuonya mapema ukiomba wasifu wa rangi wa mashine, yaani faili linaloeleza mashine hiyo hutoa rangi vipi, kutoka kwa mpiga chapa wako na kuufungua ndani ya Photoshop, CorelDRAW au Scribus. Muombeni tu. Akiwa nao anakutumia kwa barua pepe, na unaona kabla ya wino kumwagika.

Tahadhari yangu kwa wanaoanza ni moja. Monita yenye upana mkubwa, ukiitumia bila kuisawazisha, hukoleza kila kitu. Ngozi za watu zinakuwa nyekundu kama wametoka juani. Ukiinunua, ibonyeze kwenye modi ya sRGB kwa kazi za kawaida.

#6 – Mpigapicha Malindi

Kabisa. Na msimu wa mvua mto Sabaki ukishusha udongo wake, bahari yote ya mbele ya mji ni hudhurungi, hapo sRGB inanitosha.

#7 – Binti Shela

Kaka, mimi nina laptopu ya zamani kidogo, tundu la HDMI ni moja tu. Nimepata monita ya 4K, ile yenye pikseli nyingi sana, ya inchi 27 kwa jamaa anayehama. Na je, kioo king'aacho au kisichong'aa?

#8 – Mchoraji wa Langoni

Dada, kabla hujalipa, chunguza HDMI ya laptopu hiyo ni ya toleo gani. Ikiwa 1.4, 4K itakwenda kwa hertz 30 tu. Kishale cha mausi utakiona kinaburura miguu, na kuchora kwa kalamu kutakuchosha. Kuanzia 2.0 ndipo unapata 60. Ikiwa ni 1.4, ni afadhali uchukue ya 2560 kwa 1440.

4K kwenye inchi 27 ni pikseli 163 kwa inchi. Herufi za Kiarabu, nukta na irabu zake, zinasomeka kama kitabu. Nimeitazama kwa mtu na nilitamani. Ila maandishi ya menyu yanakuwa madogo mno, lazima uongeze ukubwa hadi 150%, na programu za zamani nyingine huvurugika zikifanyiwa hivyo.

Jambo jingine la HDMI: kuna kompyuta zikiunganishwa hudhani monita ni televisheni, zinatuma rangi nusunusu, kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Weusi unakuwa kijivu, kila kitu kama kina ukungu. Ukiona hivyo usirudishe monita kwa mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha uchague masafa kamili.

Kisichong'aa. Kwa mwanga wetu huu, king'aacho kitakuonyesha uso wako na dirisha.

Na kwa kuwa umegusa mwanga, hebu niseme hili ambalo nalipenda. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kana kwamba mjenzi alijua tutakuja na monita. Jua linaingia kiwandani, yaani ule uwanja wa wazi wa nyumba, linapungua kwenye msana, ukumbi wa kwanza, na ukifika ndani kabisa, kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, mwanga ni mtulivu mchana kutwa. Kuta ni chokaa nyeupe, haziongezi rangi yoyote. Mimi meza yangu iliwahi kuwa karibu na kiwanda, nikiweka rangi asubuhi, Adhuhuri imebadilika, Alasiri imebadilika tena. Niliihamishia ndani, nikaacha taa moja nyeupe, rangi ikatulia. Usikae dirisha likiwa nyuma yako wala mbele yako. Liwe ubavuni. Na anayefikiria kupaka chumba cha kazi kijani au waridi, angojee kidogo: rangi ya ukuta inarudi kwenye kioo na ndani ya jicho.

#9 – Mzee wa Matondoni

Vijana, mimi nina swali la upande mwingine. Siku hizi mwaliko unatumwa WhatsApp. Karatasi inapungua. Sasa mtu ahangaike na monita ya nini, ilhali kila simu inaonyesha rangi yake?

#10 – Mchoraji wa Langoni

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito.

Ni kweli simu hazifanani. Moja inakoleza, nyingine ina kile kichungi cha manjano cha usiku. Lakini nikitengeneza kazi yangu katikati, kwenye sRGB iliyo sawa, basi simu ya huyu itaivuta kidogo kuume na ya yule kidogo kushoto, na wote watabaki karibu na nilichokusudia. Nikiitengeneza kwenye kioo kilichoegemea upande mmoja, atakayekuwa na simu iliyoegemea upande mwingine ataona kitu kigeni kabisa. Na karatasi haijaisha. Bango la Maulidi linatundikwa, kibao cha duka kinatundikwa, na hivyo vikitoka vibaya havifutiki.

Hapo hapo nikiri kuhusu leso. Mchoro wa leso monita haiuhukumu rangi. Kiwandani kila rangi ina chapa yake na wino wake uliochanganywa kando, na wanachofuata ni kipande cha kitambaa au namba ya rangi. Kwa hiyo mchoro wa leso natuma pamoja na vipande vya nguo, pindo rangi hii, mji (uwanja wa kati) rangi hii. Kioo kinanisaidia kupanga maua na kuandika jina, ule msemo wa leso, likae katikati.

#11 – Kijana wa Mokowe

Nimebadilisha nia, natafuta ex-UK kama yako. Nikifika dukani naichunguza vipi? Wao wanawasha, picha ya tausi inatokea, wanakuambia lipa.

#12 – Mchoraji wa Langoni

Tausi huyo amewauzia wengi.

Nenda na simu au laptopu yenye kurasa tupu za rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, buluu. Zijaze kioo kizima. Kwenye nyeusi punguza taa, utaona pembe zinazovuja mwanga. Kwenye nyeupe utaona madoa na umanjano wa uzee. Kijivu ndicho chenye siri zote. Upande mmoja ukiwa wa waridi na mwingine wa kijani, hiyo haisawaziki kwa kifaa chochote, iache. Rangi tatu zilizobaki zitakuonyesha nukta zilizokufa. Moja pembeni unaweza kuivumilia ukipunguziwa bei, katikati hapana.

Halafu inama, itazame kutoka chini. Picha ikigeuka kama negativu ya zamani, hiyo ni TN, hata wakikuapia. Iache iwake nusu saa ukizungumza na watu, kwa sababu kioo baridi na kioo kilichopata moto havifanani. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha nyuma. Jaribu kila tundu, na usikubali waya wa VGA. Huo hupitisha mawimbi ya analogi na herufi huweza kutoka na ukungu.

Safarini: isimame wima, kamwe isilazwe kioo chini. Mkalie karibu kondakta. Mokowe, usimwachie mtu aitupe juu ya magunia, ipakate mwenyewe ndani ya nailoni. Ukifika gatini, mkokoteni ni salama kuliko punda kwa mzigo huu.

#13 – Binti Shela

Na stima na chumvi? Mimi niko ufuoni kabisa.

#14 – Mchoraji wa Langoni

Stima: kinachoua ni kule kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Weka kinga inayochelewesha umeme dakika chache, au UPS, ile betri ya akiba. Monita ya LED ya inchi 24 hula wati 20 hadi 30 tu, kwa hiyo hata UPS ndogo inakupa muda wa kuhifadhi kazi.

Chumvi huanza na matundu. Ukiona ukijani kwenye vichomeo, tayari imeingia. Ukimaliza kazi zima, ingoje ipoe, ifunike kwa leso kavu ya pamba. Usiwashe feni inayovuta upepo wa bahari moja kwa moja mgongoni mwake. Kioo kipanguse kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo, si dawa ya madirisha.

#15 – Mpigapicha Malindi

Hujasema kuhusu kusawazisha.

#16 – Mchoraji wa Langoni

Nilikuwa naliwekea nafasi yake.

Bila kifaa, fanya hivi. Chagua modi ya sRGB, au joto la rangi 6500. Zima kila kichungi cha usiku. Shika karatasi nyeupe kando ya kioo chini ya taa yako ya kazi, kisha shusha mwangaza mpaka weupe wa kioo na weupe wa karatasi vikaribiane. Utashangaa umeshuka kiasi gani, yangu ilikwenda hadi 30 na kitu. Halafu chukua kazi iliyokwisha kuchapwa vizuri, fungua faili lake, linganisha. Jicho linazoea haraka na hudanganyika, lakini hapo umeshatoka kwenye upotevu mkubwa.

Kwa kifaa ni jambo jingine. Kipima rangi unakiegemeza juu ya kioo, programu inatoa rangi moja baada ya nyingine, kinasoma, kinaandika marekebisho. Lengo langu ni mwangaza wa niti 120, joto la rangi 6500, na gama 2.2, yaani mpando wa mwangaza kutoka weusi hadi weupe. Calibrite na Datacolor ndio wanaojulikana, na DisplayCAL ni programu ya bure inayofanya kazi na vifaa vingi. Bei ya kifaa inakaribia ya monita ya mtumba, ndiyo maana wanne hapa mjini tulichanga tukanunua kimoja. Kinazunguka. Kila mtu anapima mara moja kwa mwezi au miwili, kwa sababu taa za ndani huchakaa na rangi husogea.

Kipima kiko kwangu mpaka Alhamisi, kisha kinakwenda Mkomani. Binti Shela na kijana wa Mokowe, leteni monita zenu hata kesho baada ya Alasiri, kila moja huchukua kama nusu saa. Njooni na waya zenu. Na ile leso ya damu ya mzee yule mama aliniachia kipande, nimekibandika ukutani kando ya meza. Tutafungua faili la kadi zile, kila mtu alitazame kwenye kioo chake.